Aliwaahidi wazee miezi sita, mwaka wa kumi na nne mifupa haijarudi

Faustina Kalinga anazungusha ufunguo mara mbili ndani ya kufuli lenye kutu, anasukuma geti la mbao kwa bega, kisha anasimama pembeni kuwapisha wanafunzi thelathini na wawili wa kidato cha pili. Ni saa tatu asubuhi, mwishoni mwa Novemba. Mvua bado haijanyesha na vumbi jekundu la Nyalwivi limeshapanda mpaka kwenye soksi zao nyeupe.

"Kamwene," anawaamkia.

Wachache wanaitikia. Wengine wanacheka chini chini. Ni watoto wa mjini Iringa, Kihehe wanakisikia kwa bibi zao wakati wa likizo.

"Msikanyage kingo," anawaambia kwa Kiswahili. "Huku chini ni kwenye makazi ya watu."

Anawapeleka kwanza kwenye korongo ambako mvua imefukua mawe yaliyochongwa kwa mkono, makali kama kisu, ya watu walioishi hapa kabla hakujawa na jembe. Kutoka hapo wanapanda hadi kwenye mabaki ya tanuru. Anaokota bonge jeusi lenye matundu na kumpa mwanafunzi aliye karibu.

"Hili ni mavi ya chuma. Chuma kikiyeyuka, uchafu wake unabaki hivi. Hapa walikuwa mafundi, wanavukuta mchana kutwa. Watafiti wanasema ni miaka elfu moja na mia tatu iliyopita. Majembe ya hapa yalifika mbali."

Anaeleza vizuri, bila kusoma popote. Lakini wakifika kwenye shimo la mraba lililofunikwa kwa mabati matatu, anapita moja kwa moja. Msichana mmoja anabaki nyuma.

"Mama, hapa mlipata nini?"

"Mama na mtoto wake."

"Wako wapi sasa?"

Faustina anatazama mabati. "Hawapo," anasema, na mwalimu anawahimiza wanafunzi waendelee mbele.

Nyalwivi ni kitongoji cha kaya sitini na moja, mwendo wa saa moja na nusu kwa bodaboda kutoka barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya. Kina mashamba ya mahindi na alizeti, kigango kimoja cha Wakatoliki na kisima kinachokauka kila Septemba. Anayefika hapa kutoka mbali huwa amekuja kuona mambo ya kale, na anayempokea ni Faustina, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, anayeitwa Mama Aroni na kila mtu anayemwita kwa wema.

Wapo pia wanaomwita Mfukuaji.

Kwa kazi ya kulinda, kufagia na kuongoza wageni analipwa shilingi elfu sitini kwa mwezi, na kuna miezi ambayo hazifiki. Hilo halimnyimi usingizi. Kinachomnyima usingizi ni sentensi moja aliyoisema mwenyewe mwaka 2011.

Juni ya mwaka huo walikuja watafiti kumi na mmoja na mahema yao. Walitaka kuchimba tuta lililo nyuma ya mashamba, mahali ambapo hapakuwahi kulimwa. Hakuna mzee aliyejua kwa hakika ni nani amelala pale. Walichojua ni kwamba watoto hufukuzwa wakicheza juu yake, na kwamba waliolala pale huitwa wenye nchi.

Kikao kilifanyika nje ya kigango. Faustina alikuwa amemaliza darasa la saba na Kiswahili chake kilinyooka, kwa hiyo akawekwa katikati kuwa mkalimani. Upande mmoja alikaa kiongozi wa watafiti na makaratasi yake. Upande wa pili, kati ya wazee, alikaa mama mkwe wake, Eveline, ambaye sasa ana umri wa miaka themanini na minne na wakati ule ndiye mwanamke pekee aliyekuwa akisikilizwa na wanaume.

"Mkiwatoa, mtawarudisha lini?" Eveline aliuliza.

"Miezi sita," alijibu kiongozi. "Tunawapima, tunawarudisha."

Faustina akatafsiri. Wazee wakaanza kuinuka. Akaona kikao kinataka kuvunjika, na pamoja nacho kazi ya vibarua kumi ya miezi miwili, na yeye ni mmojawapo. Akaongeza kwa Kihehe: "Mimi nipo. Wasiporudi, nitawafuata mimi."

"Yule mtafiti hakuyasema hayo," anasema leo akiwa amekaa kwenye gogo nje ya kibanda chake cha ulinzi. "Niliyaongeza mwenyewe. Hapa hakuna aliyewafahamu wale watafiti. Wazee walikubali kwa sababu yangu."

Karatasi ikaandikwa. Ilitaja kipindi cha miezi sita. Walitia saini kiongozi wa watafiti, mwenyekiti wa kitongoji, Marcelino, na Faustina kama shahidi.

Siku ya kumi na tisa ya uchimbaji, mwiko wa kuchimbia wa Faustina uligonga kitu kisichokuwa jiwe. Kiongozi akampa brashi akamwambia asiharakishe. Kwa siku tatu alilala kifudifudi juu ya ubao akipangusa udongo kidogo kidogo, mpaka akatokea mwanamke aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa, shanga za mfupa shingoni. Meno mawili ya mbele ya chini yaling'olewa zamani, enzi za uhai wake. Kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto palikuwa na mifupa mingine, midogo kama vijiti.

"Nikasema, jamani, ana mtoto. Nikasimama. Mimi mwenyewe nilimzika wangu wa pili akiwa na wiki tatu. Nikatoka nje ya shimo, nikaenda kulia kwenye mahindi, nikarudi nikaendelea na kazi. Hilo ndilo linalonichoma. Nilirudi nikaendelea."

Mifupa ilifungwa kwenye magazeti, ikatiwa kwenye maboksi, maboksi yakapakiwa kwenye gari. Siku hiyo Eveline hakutoka nje.

Miezi sita ikaisha. Mwaka ukaisha. Namba ya simu ya kiongozi ikawa haipatikani. Bango likawekwa getini likieleza ugunduzi mkubwa wa Nyalwivi, na kwenye bango hakuna jina la mwanakijiji hata mmoja. Faustina akapewa kazi ya ulinzi, na hapo ndipo maneno yalipoanza: kumbe alikuwa anatafuta ajira. Kumbe amewauza wenye nchi apate kibanda.

Kisima kilipokauka mapema, lilitajwa jina lake. Ng'ombe walipokufa kwa ugonjwa, lilitajwa jina lake. Yeye alikuwa akijibu mwanzoni, baadaye akaacha.

Machi 2016 mume wake, Liberatus, alianguka shambani na kufariki kabla ya kufikishwa zahanati. Nyalwivi msiba ukitokea vijana huchukua majembe bila kuitwa. Siku ya mazishi hawakuja. Ilipofika saa nne, Saulo, mdogo wake Faustina, alikwenda kuwauliza. Walikuwa wamekaa kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi.

"Dada yako si fundi wa kuchimba?" mmoja alimjibu. "Achimbe."

Akachimba. Mjane, mdogo wake, na mwanawe Aroni aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka Mlandege, mjini, ambako ni fundi seremala. Watatu hao walichimba kaburi la Liberatus kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri, katika udongo mgumu wenye kokoto, huku waombolezaji wakitazama kutoka uani.

"Padri alipofika akaniona nina matope mpaka usoni," anasema. "Sikumwambia kitu. Ningesema nini? Waliokosa siku ile ni watu niliowadanganya, au ni mimi?"

Marcelino, ambaye bado ni mwenyekiti, hakatai kwamba ilikuwa hivyo. "Mimi nilitia saini pia," anasema akitazama chini. "Lakini mimi sikuchukiwa. Sauti waliyoisikia ilikuwa ya Mama Aroni. Saini yangu ilikuwa ndani ya faili."

Kwa Iringa jambo hili si dogo. Huu ni mkoa ambao kila mtoto wa shule anajua fuvu la chifu lilivyopelekwa Ulaya na Wajerumani na likarudi baada ya zaidi ya nusu karne. Eveline analisema kwa namna yake, bila kupandisha sauti: "La chifu lilivuka bahari likarudi. Huyu wetu ni mwanamke tu, basi hata kutoka Mbeya ameshindwa kurudi."

Kwamba mifupa iko Mbeya ilijulikana kwa bahati. Mwaka jana mgeni mmoja aliyekuja kupiga picha alimwambia Faustina kwamba vitu vingi vilivyochimbwa ukanda huu vimehifadhiwa kwenye ghala la taasisi moja jijini humo. Agosti ya mwaka huo huo Faustina aliuza magunia mawili ya mahindi, akachukua karatasi ya mwaka 2011, akashuka mpaka kituo cha mabasi cha Ipogolo, mjini Iringa, na kupanda basi.

Alishukia Uyole, Mbeya, jioni, baridi inakata, akapokelewa na Atuganile, mke wa binamu yake, anayeuza viazi sokoni pale. Asubuhi yake akaenda kwenye taasisi. Mtumishi wa mapokezi akaitupia macho karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna maandishi mengine, akamrudishia.

"Mama, hii haina mhuri. Kalete barua ya wilaya."

"Barua ya wilaya ya nini? Nataka kujua kama wapo."

"Kina nani?"

"Mama na mtoto."

Yule mtumishi akadhani anatafuta wagonjwa, akamwelekeza hospitali.

Siku ya pili akarudi, akakaa nje ya geti mpaka mchana. Ndipo akatokea Muharami, mtunza ghala, mwanamume wa makamo mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono, akienda kuswali adhuhuri. Akamuuliza anamsubiri nani. Faustina akamweleza yote, tangu kikao cha kigango. Muharami akasikiliza amesimama.

"Ngoja niswali," akasema. "Nikirudi tutatafuta. Maiti ana haki yake, mama."

Walitafuta kwenye daftari kubwa mpaka saa kumi. Jina la Nyalwivi halikuwemo. Wakaanza kufungua maboksi ya mwaka ule moja moja. Boksi la saba liliandikwa kwa kalamu ya wino mweusi: mifupa mchanganyiko.

Ndani mlikuwa na bahasha ya shanga, mifupa ya mkono, mbavu chache na taya la chini. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, na tundu zake zilikuwa zimeziba.

"Nilimpangusa siku tatu," anasema Faustina. "Ningemjua hata gizani. Nikamwambia kaka yule, ndiye huyu. Akaniuliza una hakika? Nikamwambia mimi ndiye niliyemtoa."

Fuvu halikuwemo. Miguu haikuwemo. Mtoto hakuwemo. Muharami akarudi kwenye daftari na namba ya boksi hilo, akakuta mstari mmoja wa mwaka 2013: vimesafirishwa kwa vipimo. Mahali pa kuandika vimesafirishwa wapi palikuwa peupe.

Faustina akavua kilemba chake, akataka kulifunga lile taya. Muharami akamzuia, na ilionekana wazi kwamba hakupenda kumzuia.

"Nguo haziruhusiwi humu. Zinaleta wadudu. Samahani sana, mama."

Alichoweza kukifanya alikifanya. Alibandua karatasi ile iliyoandikwa mifupa mchanganyiko, akabandika nyingine, akaandika kwa mkono wake: Nyalwivi, Iringa, mwanamke, arudishwe kwao. Akachukua namba ya simu ya Faustina. Alipopigiwa na mwandishi wa makala haya hakutaka kusema mengi. "Mimi ni mtunza ghala, si msemaji. Ila yule mama alikuja na haki yake mkononi, na sisi tukamuuliza mhuri."

Aliporudi Nyalwivi, Faustina alimwomba Marcelino aitishe kikao. Angeweza kusema amemkuta mwanamke, akaishia hapo. Hakuishia hapo. Aliwaeleza kilichomo ndani ya boksi na kisichokuwemo.

"Na mtoto?" aliuliza mmoja wa wale vijana wa kilabuni, sasa baba wa watoto watatu.

"Hayupo. Hawajui alikopelekwa."

Kikao kizima kikamgeukia Eveline. Bibi huyo alijifunga vizuri shuka lake. "Bora ungesema hukuwakuta kabisa," akasema, akaondoka bila kuaga.

Faustina anasema siku hiyo ilimuuma kuliko ya kaburi. "Walilala pamoja miaka yote hiyo. Vita vimepita juu yao, njaa imepita, Wajerumani wamepita, mtoto yuko mkononi mwa mama yake. Nikaja mimi na brashi."

Juni mwaka huu magari mawili yakaingia tena kitongojini. Timu nyingine, watu wengine, vijana zaidi, wenye adabu na vifaa vipya. Walitaka kuchimba upande wa pili wa tuta. Walikuwa wamesoma taarifa ya wenzao na waliuliza kwanza nani ni Faustina. Kiongozi wao akamweleza kwamba atakuwa msimamizi wa vibarua wote, kwa malipo mara tatu ya anayopata. Alichotakiwa kufanya ni kuzungumza na wazee.

Akakubali kuzungumza nao.

Kikao kilifanyika palepale nje ya kigango. Kiongozi alieleza mpango wake kwa Kiswahili, taratibu, kwa heshima. Alisema kitakachotolewa kitarudishwa ndani ya mwaka mmoja. Faustina akatafsiri kila neno. Marcelino anathibitisha kwamba hakupunguza wala kupindisha chochote.

Alipomaliza hakukaa chini.

"Hayo ndiyo wanayosema," akawaambia kwa Kihehe. "Mara ile niliyasema haya haya, nikaongeza na langu, mkaniamini. Leo msiniamini. Mimi si mtu wa kuaminiwa tena. Wakitaka kuchimba, warudishe kwanza."

Kiongozi akamuuliza amesema nini. Faustina akamtafsiria na hayo pia, kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee walinong'onezana, kisha Marcelino akatangaza kwamba kitongoji hakikubali. Timu ikalala usiku mmoja na kuondoka. Watu walipokuwa wakitawanyika, Eveline alimpita Faustina karibu sana, akasimama.

"Umechelewa miaka kumi na minne," akamwambia. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkwewe tangu kikao cha mwaka jana.

Wiki ya tatu baada ya timu kuondoka ilifika barua. Ofisi inayosimamia eneo hilo ilimtaarifu kwamba amekwamisha utafiti wenye manufaa kwa taifa, na kwamba mkataba wake hautaendelea baada ya tarehe 31 Desemba. Nafasi yake itachukuliwa na kijana mwenye cheti cha uongozaji watalii. Faustina ameisoma barua hiyo mara nyingi na anasema haina uongo. Kukwamisha, amekwamisha.

"Kilichoniuma ni mstari wa mwisho," anasema. "Wananishukuru kwa kutunza urithi. Urithi gani? Nimetunza mashimo."

Kitongojini hali imebadilika kidogo tu. Wapo wanaomsalimu sasa ambao hawakuwa wakimsalimu. Wapo wanaoona kwamba amewanyima vibarua ajira ya miezi miwili, na kwamba kila anapofungua mdomo ni hasara. Mwanawe Aroni anamtaka ahamie Mlandege aishi naye. Amekataa.

Mwezi uliopita, Oktoba, simu yake iliita akiwa kisimani. Alikuwa Muharami. Alisema amekuwa akifungua maboksi mengine kila anapopata nafasi baada ya kazi, na kwamba katika moja, lililoandikwa mifupa ya wanyama, amekuta bahasha yenye mifupa midogo sana na chembe tatu za shanga zinazofanana na zile. Hawezi kusema ni ya nani. Yeye si mtaalamu, na amemsihi asimwambie mtu kwamba tayari amepatikana.

Faustina amewaambia Marcelino na Saulo peke yao. Eveline hajui. Mkwewe anaogopa kumpa bibi wa miaka themanini na minne tumaini ambalo huenda likawa mifupa ya mbwamwitu.

Mpango wake uko tayari. Marcelino ameandika muhtasari wa kikao cha Juni na kaya hamsini na mbili kati ya sitini na moja zimeusaini. Kaya tisa zimekataa, na Faustina anazitaja moja moja bila kinyongo. Safari hii karatasi ina mhuri wa kijiji. Jumatatu ya kwanza ya Januari yeye na mwenyekiti watapanda basi pale Ipogolo. Atuganile ameshawaambia chumba kipo.

Akiulizwa atafanya nini wakimwambia tena alete barua ya wilaya, Faustina anainuka kwenye gogo na kukung'uta vumbi kwenye kitenge. Nje ya geti wanafunzi wanapanda basi lao kurudi mjini.

"Siendi kuuliza tena. Naenda kukaa pale getini kwao. Wakinipa mtoto peke yake, nitaanza na mtoto. Wakinipa taya, nitabeba taya." Anavuta geti na kuangalia kama limefunga. "Na kama wanataka kunikomesha, wataniandikia barua gani? Kazi ya kufukuzwa sitakuwa nayo tena."